Nyota Nne za Kubandika

Kila nikitoka shule hupitia kiwanda cha kufulia nguo anakofanya kazi mama, ili turudi nyumbani pamoja. Mama ndiye anayewafundisha wafanyakazi wapya. Mwezi ule aliwatungia mchezo: kila anayeimudu kazi moja, kama kupima sabuni au kupekua mifuko kabla ya kupiga pasi, anabandikiwa nyota ubaoni. Akifikisha kumi, anakabidhiwa mashine ya pasi. Nyota nilizikata mimi, kwa karatasi ya manjano.

Dada yangu alikuwa mmoja wa hao wapya. Wenzake walikuwa na nane, tisa, yeye sita. Kijana mmoja waliyemwita Chapchap hakumwacha apumue.

"Shikamoo, kobe!" alimwambia. "Utafika saba kabla hujastaafu?"

Wote wakaangua kicheko. Dada naye akacheka, lakini kwa kujilazimisha. Mimi nilichemka! Kwani huyo Chapchap alizaliwa anajua kupiga pasi?

Walipotoka kunywa chai, nilichomoa nyota nne kwenye mkoba wangu nikazibandika mbele ya jina la dada. Haya, Chapchap, sema sasa!

Kesho yake nilipofika, nilimkuta meneja anafoka hadi mishipa ya shingo imemsimama. Mama alikuwa kikaoni tangu asubuhi. Msaidizi wake alisoma ubao, akaona nyota kumi, akampa dada mashine. Dada alidhani mama amempitisha. Kumbe kupekua mifuko bado kulikuwa kunampiga chenga. Alisahau mfuko mmoja wa ndani, kalamu ikapasukia kwenye pasi, na wino ukachafua makoti manne meupe ya wauguzi kabla hajagundua.

"Huyu hafai! Aondoke leo hii!" meneja alisema, mama akiingia mlangoni.

Dada alikuwa ameyakumbatia yale makoti, analia. Nikinyamaza, nilijua, hakuna atakayenishuku. Lakini kazi ya dada ilikuwa inapotea mbele ya macho yangu.

"Ni mimi," nilisema. "Nyota nne nilizibandika mimi."

Dada aligeuka kama aliyechomwa.

"Nani alikutuma? Nilibakiza nne tu, ningezipata kwa mikono yangu! Sasa naonekana tapeli!"

"Nilikasirika walivyokucheka, dada."

"Aliyechekwa ni mimi, na nilivumilia! Hasira ni zako, mbona umezimwagia kwangu?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Meneja alishusha pumzi. Alimpa dada wiki moja: asipopata nyota ya mifuko, kwaheri. Mama alizibandua zile nne, akaniwekea kiganjani.

"Nyota si pambo, mwanangu," alisema kwa hasira. "Inawaambia wenzako wakuamini kwa kazi gani. Ukibandika ya uongo, unamuumiza yule yule unayempenda. Na wewe Chapchap, mchezo nimeuweka mjifunze, si mchekane. Chukueni beseni, wote wawili!"

Tulisugua wino mpaka vidole vikageuka bluu.

Wiki hiyo dada alipekua kila mfuko, hata wa aproni ya mama. Siku ya tano alirudi nyumbani, bado ameninunia, akaniwekea mkasi mezani.

"Kata," alisema. "Moja tu."