Mlezi Mmoja, Vitanda Viwili

Mkono ulishuka taratibu kutoka darini, mweupe na laini, ukapita chini ya mgongo wa Mzee Anyelwisye, ukamgeuza ubavu wa pili bila kumtoa hata mguno. Vidole vyake vilimpapasa kifuani, vikasikiliza mapafu, vikapima pumzi, kisha vikamdunga dawa kwa wepesi ambao hakuna muuguzi aliyewahi kuwa nao.

"Anyelwisye anaendelea vizuri," ilisema sauti tulivu, na mkono ukajikunja ukarudi juu.

Watu wa Mbeya waliuita mlezi. Tusekile alisimama mlangoni akimtazama kwa fahari iliyochanganyika na woga, kwa kuwa mlezi yule alikuwa kazi yake. Alikuwa muuguzi wa wodi ile tangu usichana wake, tangu vumbi la migodi lilipoanza kuwabana watu vifua na hospitali ya mapafu ikajengwa mteremkoni mwa Mlima Loleza. Kadiri mikono ilivyozidi kuning'inia darini, wenzake waliondolewa mmoja baada ya mwingine. Yeye aliambiwa: ukitaka kubaki, jifunze kuwaunda walezi.

Walezi waliendeshwa kwa Java, lugha kongwe ya kompyuta ambayo mashine nyingi za jiji lile zilikuwa bado zikiisikiliza. Aliyemfundisha Tusekile alikuwa Ambakisye, kijana mwembamba mwenye subira, katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya mashuka.

"Dada Tusekile, umewahi kufyatua matofali?" alimuuliza siku ya kwanza.

"Nyumba ya baba tuliifyatulia sisi wenyewe na kaka zangu."

"Basi nusu ya Java unaijua. Kalibu si tofali. Kalibu inaeleza tu tofali litakuwaje. Sisi kalibu tunaiita darasa. Darasa la Mlezi linasema kila mlezi atakuwa na jina la mgonjwa na kipimo cha dawa, na atajua kugeuza na kudunga. Lakini mpaka hapo hakuna mlezi hata mmoja. Ukiandika neno new, ndipo unafyatua. Kinachotoka ndicho kitu chenyewe, nacho kina kumbukumbu zake, hakichangii na mwenzake."

Tusekile alihangaika sana. Alisahau nukta, alisahau mabano, mashine ikamjibu kwa mistari myekundu hadi akalia. Hata hivyo siku ilifika akaandika:

Mlezi mleziWaAnyelwisye = new Mlezi();

Akampa jina la mgonjwa, akampa kipimo cha dawa, na kule wodini mkono ukatikisika kama mtoto anayeamka.

Mzee Anyelwisye, aliyekuwa dereva wa malori ya mawe enzi malori yalipokuwa bado na madereva, alimpokea mlezi kwa kucheka. "Hana utani huyu," alimwambia mkewe, Bi Tupokigwe, aliyemletea ndizi za kupika. "Lakini hanisahau."

Kisha akalazwa Lugano, mchimbaji wa miraba minne, kitanda cha pili. Kifua chake kilikuwa kimekaza kama ngoma, akahitaji dawa kali ambayo mtu dhaifu asingeihimili. Tusekile alikaa mbele ya mashine akafikiri: yule mlezi wa mzee ametulia, hana kasoro, na huyu awe kama yeye. Akaandika:

Mlezi mleziWaLugano = mleziWaAnyelwisye;

Kisha akaweka jina la Lugano na kipimo chake. Hakukutokea mstari mwekundu hata mmoja. Mkono wa juu ya kitanda cha pili ukanyooka. Alimuuliza mlezi anamhudumia nani, akajibiwa, "Lugano." Akatabasamu. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameunda mlezi bila kumwita mwalimu.

Alikwenda darasani akiwa na furaha.

"Hongera, dada," Ambakisye alisema. "Umemuundaje?"

"Nimesema tu awe kama yule wa mzee."

"Umesemaje? Hebu andika hapa."

Aliandika. Kijana yule aliusoma mstari, uso ukamsawijika. Aliinuka akatoka mbio, na Tusekile akamfuata akiwa hajui bado anakimbilia nini.

Walipoingia wodini, mkono ulikuwa ndio kwanza unajikunja kutoka kwenye kitanda cha Mzee Anyelwisye.

"Lugano anaendelea vizuri," ilisema sauti.

Midomo ya mzee ilikuwa imegeuka rangi. Tusekile alipanda kitandani akambana kifua kwa viganja vyote viwili, akimwita, akisukuma, huku Ambakisye akihangaika kuzima mitambo. Mkono ulishuka tena, ukajipenyeza chini ya mzee umgeuze, kwa sababu wakati wa kumgeuza ulikuwa umefika. Tusekile aliupiga ngumi. Mzee hakurudi.

Baadaye waliketi katika stoo ile ya mashuka, milango imefungwa.

"Jina ni kamba tu," Ambakisye alisema kwa sauti iliyokauka. "Ulifunga kamba ya pili kwenye shingo ya ng'ombe yule yule. Hukuunda mlezi wa pili. Ulipomwita Lugano, na yule wa mzee akawa Lugano, na kipimo kikawa cha Lugano, maana ndiye huyo huyo."

"Mbona mashine haikunikataza?"

"Hukukosea sarufi, dada. Mashine inakataza kosa la sarufi. Nia yako haiijui." Alijifunika uso. "Na mimi nilikuwa sijakufundisha hilo. Tulikuwa tulifikie wiki ijayo."

Uongozi uliita kilichotokea hitilafu ya mfumo. Tusekile aliambiwa asiseme na ndugu wa marehemu. Lakini Bi Tupokigwe alipokuja kuchukua nguo za mumewe, Tusekile alimketisha kwenye benchi la ukumbini akamweleza yote, neno kwa neno, mpaka ile kamba na yule ng'ombe.

Mama yule alisikiliza akiwa ameukumbatia mfuko wa nguo.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "miaka yote uliyomhudumia kwa mikono yako, uliwahi kumdhania mtu mwingine?"

"Hapana, mama. Hata siku moja."

"Basi huko darasani ulikwenda kujifunza nini?"

Bi Tupokigwe aliinuka akaondoka polepole, akishika ukuta.

Hakuna aliyefukuzwa. Mstari ulisahihishwa kwa neno new, na walezi wakawa wawili, kila mmoja na kumbukumbu zake. Lugano alipona akarudi mgodini, hakuambiwa.

Kitanda cha mzee kilipata mgonjwa mwingine, mwanamke mwenye homa. Tusekile alimuundia mlezi, akausoma mstari mara nyingi kuliko ulivyohitaji, kisha akatoka kwenye mashine akaenda kusimama kando ya kitanda. Akaushika mkono wa mgonjwa, akatafuta mapigo kwa vidole, jicho likiwa kwenye uso ule asioujua.

Mgonjwa alifumbua macho, akauvuta mkono wake taratibu.

"Ahsante, nesi," alisema. "Usijisumbue. Mlezi yupo."