Maman Domitille Anarudi Kontrole

Kule Bagira, kabla jogoo hajawika vizuri, Maman Domitille alikuwa amekwisha kuanza kuimba. Akipepeta maharagwe, anaimba. Akifua, anaimba. Mwaka uliopita sauti hiyo ilizimika. Uvimbe ulimwota kwenye kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Madaktari wakampasua, wakautoa. Nguvu zikarudi, na wimbo ukarudi.

Siku ya misa ya shukrani alicheza mpaka akavua viatu. Mumewe, Papa Placide, akawamiminia majirani kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Ilikuwa raha tupu.

Ikafika siku ya kurudi hospitali kwa kontrole, kupita kwenye skaneri, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ili waone kama uvimbe haujarudi. Domitille akakataa katakata.

“Placide, tulishashukuru Mungu mbele ya watu bote. Leo nirudie hospitali? Batasema nilidanganya kanisani.”

Ndivyo alivyosema mdomoni. Moyoni aliogopa kuambiwa kwamba uvimbe umerudi.

Wakati huo Laurette akaingia kurudisha sufuria ya karamu. Yeye ni muuguzi, na anakaa nyumba ya pili. Placide akamweleza mambo yote. Laurette akakaa kwanza.

“Maman Domitille, ukivuna maharagi, unapeleka sehemu kanisani?”

“Kila mwaka, mutoto wangu.”

“Na kisha kushukuru, unaacha kupalia shamba?”

Domitille akacheka. “Nani atafanya vile? Majani mabaya iko inarudia.”

“Haya. Uvimbe wa aina ile unaota polepole. Ukitolewa wote, watu wengi wanakaa muzuri. Lakini kwa wengine unarudia, hata kisha miaka mingi, mara nyingi kwenye maini. Wako ulikuwa mukubwa, na ulishagusa tezi ya karibu. Njo maana wanataka kukuangalia, hata kama hausikie maumivu.”

“Na kama ulisharudia?”

“Ukionekana ungali mudogo, kuna mengi ya kufanya. Kuna dawa. Wengine wanapasuliwa tena. Mubaya ni kuuacha ukue kimya.”

Domitille akasema polepole, “Ninaogopa, Laurette.”

“Utaogopa njiani, tukiwa wawili.”

Basi wakaenda. Placide akabaki na wajukuu. Alichambua sombe, yale majani ya muhogo, akaiacha. Akafagia ua uliokwisha kufagiwa. Roho yake haikutulia hata kidogo.

Huko hospitali daktari alitazama picha na majibu ya damu, akatabasamu. “Hatuoni kitu, maman. Ila mwaka kesho urudi, na mwaka ule mwingine pia. Tutakufuata muda mrefu.”

“Nitarudi, docteur,” akasema Domitille, na machozi yakamtoka kwa furaha.

Alasiri, Placide alisikia wimbo ukipanda kilima. Mwenye wimbo bado hajaonekana. Placide hakungoja kuuliza, akaingia ndani kutafuta vikombe.

Domitille akafika mlangoni, anahema. “Iko safi! Mwaka kesho tena.”

“Basi,” akasema Placide akimmiminia, “na kasiksi, mwaka kesho tena.”