Mke Mwenza wa Kwenye Manowari

Kanzu ya Jecha ilirudi nyumbani imelowa maji ya chumvi, na Jecha kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya sinema pale Chake Chake, hata kasia hajui kulishika. Mkewe Mwatum akainusa: bahari, baruti, na halud, manukato ya mwanamke mwingine. Bahari na baruti angezisamehe. Halud hakuisamehe.

Wiki ya pili hiyo ilionyeshwa filamu ile ile: manowari za tanga za Wazungu wa kale, zikipigana mizinga mpaka milingoti inaanguka. Watu wameshaichoka, Jecha wapi! Nyumbani alikula huku kaukodolea macho ukuta, na mke kamvalia leso mpya.

Wivu ukishakupanda, hukai. Jumamosi alasiri, kwenye onyesho la wanawake peke yao, Mwatum akaenda na shoga yake Mwanapili. Mizinga ikalia, moshi ukatanda, na ndani ya moshi, juu ya sitaha, akamwona mwanamke mwenye hina mikononi, anatazama juu ya vichwa vyao, kwenye kitundu cha chumba cha mashine alimo Jecha, anacheka. Mwanapili akaapa kuwa yeye kaona mabaharia tu.

Jecha alipokwenda kusali magharibi, Mwatum akapanda chumba cha mashine na mkasi. Akaufungua utepe wa filamu mbele ya taa, akampata yule mwanamke, akamkata kipande cha urefu wa mkono.

Angekitupa chooni, yangekwisha. Lakini alitaka kumwona anaungua, akamtia kwenye makaa ya chetezo chake cha kufukizia nguo, na kwa kuwa utepe ulinuka vibaya na majirani wana pua, akatupia udi juu yake. Moshi haukutoka dirishani. Ulipita chini ya kitanda, ukazunguka nguzo moja moja kama mgeni anayekagua nyumba, na ndani ya kuta za udongo mizinga ikaanza kunguruma, na tanga likapiga hali upepo hakuna, na mtu akahema nyuma ya sikio lake, akahema tena, mpaka Mwatum akajua kuwa pumzi ile inatoka kinywani mwake mwenyewe.

Asubuhi alikuwa Wambaa, kwa Bi Khairiya, mganga. Akamweleza yote.

"Na udi ukamtilia?" Bi Khairiya akauliza kwa sauti ya chini.

"Nilitaka kuficha harufu, bibi."

"Mumeo alimtazama tu, mwanangu. Wewe ndiye uliyemfukizia, na jini hukaa kwa aliyemkaribisha. Huyo hatoki tena."

Akampa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani, anywe. Akalitapika.

Siku hiyo Jecha alirudi mapema. Akakaa karibu naye, akamshika mkono, akamtazama vile ambavyo hajamtazama tangu harusi yao. Moyo wa Mwatum ukaruka kwa furaha.

"Siku zote hizi nakuona kwa mbali," Jecha akanong'ona.

Mwatum alitaka kumwambia, ni mimi, mkeo. Midomo yake ikacheka bila ya yeye kuiambia, Jecha akaibusu, na Mwatum, kule ndani alikobaki, akauonea wivu uso wake mwenyewe.