Walimwambia Mama Zaina Amepatikana… Kumbe Ni Mimi

"Shefu, soma tena hilo jina la chini. Soma kwa sauti." Ndivyo nilivyomwambia mkubwa wangu wa kazi mbele ya biro nzima, ofisi yote ikisikia, mtoto wangu mgongoni, nikiwa nimemnyang'anya ripoti yake mkononi. Miezi yote nilikuwa nikimwitika ndiyo shefu, ndiyo shefu. Siku hiyo nilichoka.

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na tatu, ni mama wa mtoto mmoja, Rehema, ambaye bado ananyonya. Nimemaliza sekondari hapa hapa Kindu, mkoani Maniema, Kongo. Naitwa Zaina, na jina hilo njo lilileta haya yote (kwetu "njo" ni "ndiyo").

Zaina wa kwanza ni dada yangu. Mimi sikumwona. Wakati wa vita, wazazi wangu walikimbia kuelekea Lokandu, na watu walivuka mto wakisukumana. Mama alimpakiza Zaina, mtoto wa miaka minne, katika mtumbwi uliotangulia, akamwambia, nakufuata. Mtumbwi wa mama ulichelewa… Alipofika ng'ambo, mtoto hakuwepo.

Nilipozaliwa nikapewa jina lake. Kwetu si ajabu, jina la aliyepotea halitupwi. Mama alizoea kusema, "Nikikuita weye, na ule mwingine anasikia."

Mwaka jana nilipata kazi katika mradi wa kutafuta watu waliopotea wakati wa vita. Dosye, yaani mafaili ya watu hao, ni nyingi sana, kwa hiyo wameweka mashini ya akili bandia. Inapokea maneno ya watu, halafu yenyewe inachagua chombo: cha kutafuta dosye, cha kuunganisha dosye mbili, cha kufunga dosye mtu akipatikana, cha kutuma ujumbe kwa simu. Lakini mashini hiyo haijui Kindu. Haijui mama wala mtoto. Inajua tu maelezo yaliyoandikwa kwa kila chombo: kinafanya nini, kitumike lini, na lini kisiguswe. Kuyaandika maelezo hayo njo ilikuwa kazi yangu.

Kwa chombo cha kuunganisha niliandika hivi: "Kinaunganisha dosye mbili za mtu mmoja. Jina moja na mama mmoja havitoshi. Huku mtoto anaweza kupewa jina la ndugu yake aliyepotea. Usiunganishe kabla ya kumuuliza mtu wa familia."

Shefu, ambaye si mtu wa Maniema, alisoma akacheka. "Mama Rehema, unaandikia mashini ao unaandikia bibi yako? Fupisha." Akakata mwenyewe. Yakabaki maneno machache: jina, mama na pahali pa kuzaliwa vikilingana, unganisha. Akaniahidi kwamba onyo langu litarudishwa baadaye. Akaniambia nitie sahihi.

Nilijua. Wasomaji, nilijua kabisa! Nani angejua kuliko mimi ninayelibeba jina hilo? Lakini mkataba wangu ulikuwa karibu kuisha, nikamfikiria Rehema… Nikatia sahihi.

Ndani ya mashini dosye ya dada yangu ilikuwemo, nilikuwa nimeijaza kwa mkono wangu, mama akinieleza. Mwaka wa kuzaliwa mama hakuukumbuka. Na yangu pia ilikuwemo, kwa sababu wafanyakazi wote tuliombwa kujaza zetu kwa kujaribu. Zaina, mama yake Mwayuma, kazaliwa Kindu. Zaina, mama yake Mwayuma, kazaliwa Kindu. Mashini iliona nini? Iliona mtu mmoja, ikaunganisha dosye zote mbili na kuzifunga.

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya mama: binti yako Zaina amepatikana, ni mzima, yuko katika ofisi yetu.

Mama hakunipigia. Alioga, akavaa kikwembe, kitenge alichokiweka kwa sikukuu, akaja kwa miguu na majirani wawili. Waliponiita nikatoka na kalamu mkononi. Mama alinitazama, halafu akatazama nyuma yangu, kwenye mlango. Akangoja.

"Iko wapi?" akaniuliza. "Mwambie atoke. Asiogope, sitamugombeza."

Nilimweleza mara tatu kwamba aliyepatikana ni mimi, mashini imekosea. Mara ya tatu akaketi chini, pale pale kwenye vumbi, na kikwembe chake kizuri. Mnajua ilivyo kumwona mama yenu akimpoteza mtoto yule yule mara ya pili?

Nilimwomba shefu afungue dosye. Akasema ataangalia. Siku zikapita… Kisha Papa Salumu, mlinzi wetu, akaniita getini.

"Zaina, kulikuya mama moya wa Lokandu, muuza samaki. Amelea binti aliyepatikana kwa mutumbwi, anaitwa kama weye. Anakumbuka mama yake njo Mwayuma. Mashini ikamujibu kama ule alishapatikana, dosye imefungwa. Akasema, aa, kumbe wangu njo mwingine. Akaenda."

"Jina lake, Papa?"

"Sikuuliza. Nilizani mashini imeandika."

Haikuandika. Kwa dosye iliyofungwa haiandiki kitu. Nilikwenda Lokandu na Rehema mgongoni, nikauliza kila mwanamke mwenye samaki. Wengine walinihurumia, wengine wakaniambia, dada, hapa sisi wote tunauza samaki. Nilirudi mikono mitupu.

Narudi, ninakuta ripoti ya shefu: kosa ni la aliyeandika maelezo. Na chini kuna jina langu na sahihi ile niliyoitia kwenye maelezo. Hapo ndipo nilipomnyang'anya karatasi.

Enyi mnaosoma, hasa ninyi mlioajiriwa kuzieleza mashini hizi kazi zao: mtu akikata neno ambalo unajua ni la kweli, usitie sahihi. Mimi nililinda mkataba, na mkataba wenyewe haukuongezwa. Ukinyamaza, mashini itatii kimya chako, na atakayelia ni mzazi wako.

Jumatatu nilipeleka barua kwa wakubwa wa mradi, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Niliandika hivi:

"Mimi, Zaina binti Mwayuma, ninashitaki kwamba onyo nililoandika lilikatwa na shefu wangu, na kwamba mimi mwenyewe nilikubali kutia sahihi. Sikatai sehemu yangu. Ninaomba dosye ya dada yangu ifunguliwe leo. Ninaomba mtu, si mashini, atumwe Lokandu kumtafuta mwanamke aliyefukuzwa kwa jibu la uongo. Na ninaomba shefu aje nyumbani, amwambie mama yangu kwa mdomo wake kwamba Zaina hajapatikana. Mimi sikubali kumwambia tena."