Kuku wa Malava na Geji ya Ignatius

"Unaliombea ama unalisikiliza?"

Ignatius aliinua kichwa. Alikuwa ameinama nyuma ya gari lake kuukuu katika kituo cha mafuta mjini Kakamega, sikio karibu na mdomo wa tangi, akilitikisa gari kwa nyonga huku bodaboda nne zikimpigia honi. Aliyeuliza alikuwa ameshuka kwenye mojawapo ya bodaboda hizo: msichana mrefu, rinda la kitenge cha manjano, utepe wa kupimia nguo ukimning'inia shingoni.

"Nalisikiliza, dada. Geji imekufa. Mshale unasema nusu tangu baba aniachie hili gari. Nikijaza, nusu. Nikikauka, nusu."

"Kwa hivyo utalala njiani siku moja."

"Mimi? Mimi siishiwi. Nahesabu kilomita. Zikifika mia mbili themanini, najaza. Miaka minne sasa, sijawahi kusukuma."

"Unahesabu zote hizo? Ai! Una kichwa wewe."

Hapo ndipo Ignatius alipopaswa kusema kwamba kichwa chake hakihesabu chochote; kwamba kwenye dashibodi kuna namba ndogo zinazojihesabu zenyewe, na kitufe cheusi cha kuzirudisha sufuri kila anapojaza. Lakini msichana alikuwa akimtazama kwa macho ya kustaajabu, na macho yenyewe yalikuwa mazuri. Alinyamaza akatabasamu. Wanaume tuna ugonjwa huo.

Msichana aliitwa Jescah, mshonaji wa sare za shule, kibanda chake kilikuwa karibu na soko. Ignatius alikuwa fundi wa friji, mpangaji mtaani Shieywe. Wiki iyo hiyo shati lake zuri lilipoteza vifungo viwili kwa njia isiyoeleweka, akalipeleka kwa Jescah. Baadaye vikapotea vingine.

"Hivi vifungo unavikatanga na makasi," Jescah alimwambia mara ya tatu. "Naona alama."

"Sasa ningekuona aje?"

"Ungesema tu, mjinga wewe."

Wakapendana. Kila jioni simu ililia. "Mpenzi, umekula?" "Nimekula obusuma na mboga. Na leo ni kilomita ngapi, mwalimu?" "Mia moja na tano." Jescah alicheka kila mara, akajivunia mbele ya wenzake kwamba mtu wake ana kichwa kama kompyuta.

Miezi minane ikapita, wakapanga Ignatius aende Malava kujitambulisha kwa wazazi wa Jescah. Usiku huo Jescah alimweleza jambo ambalo alikuwa hajamwambia. Miaka miwili nyuma alikuwa na mtu aliyeitwa Mike. Siku ya Mike kuja kujitambulisha, babake Jescah, mzee Barnaba, mkulima wa miwa, alichinja jogoo. Senje Khalayi, dada wa babake, alitoka mbali kuja kumwona mgeni. Saa saba Mike akapiga simu kwamba gari limeharibika njiani. Hakufika. Baadaye ikajulikana kwamba siku hiyo hakutoka hata nje ya nyumba yake.

"Baba alikula imondo mwenyewe," Jescah alisema. Imondo ni firigisi, na nyama hiyo ilikuwa imewekewa mgeni. "Hakuongea siku mbili. Halafu akaniambia, kuku wa pili nitachinja. Wa tatu, hapana."

"Nitafika, Jesi. Hata kama ni kutambaa."

Alhamisi jioni Jescah alimwoshea gari. Alisugua viti, akapangusa dashibodi mpaka ikang'aa, kisha Ijumaa asubuhi akatangulia Malava kusaidia kupika.

Jumamosi Ignatius alivaa shati jeupe lenye vifungo vyote. Alipakia blanketi la kumpa mama yake Jescah, sukari na majani chai, akatazama namba zake: kumi na moja. Hakukumbuka kujaza wiki hiyo, lakini alikuwa ameacha kuuliza kumbukumbu zake tangu alipoanza kuamini namba. Akawasha, akaondoka akiimba.

Namba zilipofika thelathini na moja, gari lilikohoa mara mbili katikati ya mashamba ya miwa, likazima.

Saa saba simu ikalia. "Baby, uko wapi? Senje amefika."

"Gari imezima kidogo. Nafikiri ni plagi. Dakika kumi tu."

"Gari," Jescah akasema polepole, akakata.

Ignatius alichomoa plagi zote akazisugua. Akafuata nyaya. Shati jeupe likawa na ramani nyeusi kifuani. Zaidi ya saa moja ikapita kabla hajaegemea gari kwa uchovu, likatikisika, na sikio lake lililozoea likasikia kimya ndani ya tangi. Akapiga simu.

"Jesi, si plagi. Ni mafuta. Yameisha."

"Wewe? Wewe uishiwe na mafuta?" Jescah aliuliza. "Saa saba ilikuwa plagi, sasa ni mafuta. Ignatius, kama hutaki, si useme? Heri Mike, yeye alikuwa na uongo mmoja."

Simu ikazimwa kabisa.

Moyo ulimuuma vibaya. Angeweza kuagiza mafuta, asubiri, afike na gari lake kama mtu. Hakusubiri. Aliwaomba wakata miwa waliokuwa wakipumzika kando ya barabara wamwangalizie gari, akasimamisha bodaboda, akapanda na blanketi mapajani.

Ilikuwa karibu saa kumi alipoingia uani, mikono myeusi. Jescah alimwona kupitia dirisha la jikoni. Alifurahi, kisha akakumbuka uongo wa simu, akabaki jikoni.

Mzee Barnaba alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu. "Mulembe. Umekuja na nini?"

"Bodaboda, mzee. Gari iliishiwa na mafuta. Sielewi hata mimi. Namba zilisema kilomita thelathini na moja tu."

"Namba gani?"

"Zile ndogo za dashibodi, mzee. Nikijaza nafinya kakitufe keusi, zinarudi sufuri, zinaanza kuhesabu tena."

Sahani ilianguka jikoni. Jescah akatokea mlangoni, leso kiunoni, mkono mdomoni.

"Kakitufe keusi?" akauliza.

"Ndiyo."

"Woi! Ni mimi. Alhamisi nikipangusa, nilikafinya. Zilikuwa mia mbili sitini na kitu, zikawa sufuri zote. Nikaona ni vizuri, uanze safari ya kwetu na sufuri." Machozi na kicheko vilimjia pamoja. "Lakini si ulisema unahesabu na kichwa?"

"Wewe ndiye ulisema. Mimi nilinyamaza tu."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unaniangalia vizuri."

Senje Khalayi alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee Barnaba hakucheka. "Gari ya Mike ilikufa, na yeye akakufa nayo," alisema. "Huyu yake imekufa, amekuja. Jescah, lete imondo."

"Mzee, hamjakula?" Ignatius akauliza.

"Senje hapa alinisumbua tangu saa nane. Nikamwambia tungoje kidogo."

Bakuli lilikuwa limefunikwa. Ignatius alinawa mara tatu, mikono haikutakata, akala hivyo hivyo, na nyama ilikuwa tamu.

Jua lilipoanza kushuka, Jescah alimsindikiza kwenye gari na mtungi wa mafuta. Wakata miwa walipokea sukari kidogo ya shukrani. Gari liliwaka, wakaenda Malava kujaza tangi. Mshale ulisema nusu. Ignatius alinyoosha kidole kwenye kitufe, kisha akakirudisha.

"Finya wewe."

"Bado unaniamini na hicho kitu?"

"Kuanzia leo ni kazi yako. Kila nikijaza, nataka uwe hapo umekaa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka hii gari ikufe."

"Na ikikufa?"

"Tutatafuta ingine yenye geji mbovu."

Jescah alimtazama kwa yale macho ya siku ya kwanza. Kisha akafinya.