Koti Pekee la El Ceibal

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kumpondea mama ndizi za kuchemsha, kupeleka jibini kwa Agapito muuza nyama, na kumsalimia Bi Zoila dirishani kwake, ili mama asije akaambiwa kwamba bintiye Betsaida anapita nyumba za watu kama mbuzi. Kazi ya nne ilikuwa ya Jumamosi tu. Jumamosi nilikuwa nyota wa filamu.

Usicheke kwanza. Filamu ilikuwa ya Agapito, ambaye wiki nzima hukata nyama, na Jumamosi mchana alituongoza sisi wasanii akiwa bado amevaa aproni. Kamera ilikuwa moja, ya mpwa wake, na wasanii wote tulikuwa majirani. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: mpelelezi mzee anamsaka mwizi wa mikate, lakini kila akienda kumhoji mwoka mikate anasahau maswali, maana amempenda. Mpelelezi alikuwa Mzee Eulogio, kinyozi. Mwoka mikate alikuwa Bi Zoila, fundi cherehani, mjane mwenye meno yake yote na ulimi wake wote. Mimi nilikuwa mjukuu wa mpelelezi, yule anayegundua kila kitu wakati babu yake anajikwaa kwenye ndoo.

Agapito alishikilia kwamba mpelelezi lazima awe na koti refu, na hapo tulikwama. Mjini kwetu El Ceibal kuna joto la kuyeyusha sabuni. Mji mzima ulikuwa na koti moja tu, la marehemu mume wa Bi Zoila. Alilinunua Quito, kwenye baridi ya milimani, alipokwenda kutibiwa macho, akalivaa siku nne, kisha likatundikwa kabatini miaka thelathini. Bi Zoila alilitoa kwa sharti moja: kila tukimaliza kupiga picha, lirudi kwake siku hiyohiyo. Kazi ya kulirudisha nikapewa mimi.

Jumamosi ya mwisho ya Desemba tulipiga kipande cha kufungia. Mpelelezi anamwambia mwoka mikate, "Unatetemeka," halafu anamvika koti lake mabegani. Sote tulikuwa tunatiririka jasho. Agapito akafuta uso kwa aproni, akatangaza kwamba filamu imekwisha.

Nikaondoka na koti mkononi. Njiani nikawakuta watoto wa mtaa wetu wakijaza maranda ya mbao kwenye sanamu ya Mwaka wa Kale, ile ambayo kila mtaa huichoma mwaka unapokwisha. Yandri wa mtaa wa juu alikuwa ameegemea baiskeli yake, anatuangalia.

"Sanamu yenu imevaa gunia," alisema. "Hata moto utaona aibu kuigusa."

Basi, nikafanya hesabu zangu. Filamu imekwisha. Koti limetundikwa miaka thelathini bila mtu kuliuliza. Nikaligeuza nje ndani, na bitana yake ya hariri ya njano ikang'aa kama kiini cha yai. Sanamu yetu ikawa mwimbaji mnene mwenye koti la njano, na tumbo limetokeza mbele. Mtaa wetu ulishangiliwa kuliko yote. Ilipowashwa moto, Bi Zoila mwenyewe alipiga makofi.

Jumamosi iliyofuata nilitoka zahanati asubuhi nikiwa nimeng'olewa jino. Nusu ya uso wangu ilikuwa na ganzi. Nilijiuma shavu na sikujua mpaka nilipoona damu kwenye kitambaa. Ndivyo nilivyokuwa Agapito alipotuita. Alikuwa amekitazama kile kipande cha mwisho. Mpelelezi alipotamka "nakupenda," punda wa jirani alilia, na maneno hayakusikika. Ilibidi kurudia, kwa nguo zilezile.

"Koti liko wapi?" akaniuliza.

Nikasema nilimrudishia Bi Zoila siku ileile. Maneno yalitoka bila taabu, kupitia ule upande wa mdomo usiohisi kitu.

Nilingoja Bi Zoila anikane. Alinitazama kidogo, akakunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Basi nitakuwa nimeliweka mahali," akasema taratibu. "Betsaida hawezi kusema uongo."

Ganzi ya jino iliisha jioni. Nyingine ndiyo kwanza ilikuwa imeanza.

Mzee Eulogio aliuchukua upelelezi kama kwamba alizaliwa nao. Alifunga kibanda chake cha kunyolea, akaazima kioo cha kukuzia cha mwalimu wa sayansi, akaanza msako. Alinusa kabati la padri. Alifuata nyayo kuanzia kisimani mpaka mlangoni kwake, akagundua ni zake. Alimhoji mbuzi mmoja muda mrefu kwa sababu alionekana akitafuna kifungo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nilicheka nao pale pa kucheka. Lakini kila mtu alijua kwamba Mzee Eulogio hakuwa anatafuta koti tu. Alikuwa amesubiri tangu mwaka juzi kumwambia Bi Zoila neno lile, na alitaka kulisema pasipo punda.

Vicheko vilipungua habari zilipofika jiji la Guayaquil. Fulton, mwana wa Bi Zoila anayeishi huko, alipiga simu kwa mama yangu. Alitaka kujua kama ni kweli mama yake anasahau vitu. Baada ya hapo kila mtu akakumbuka jambo. Mmoja alisema Bi Zoila alimwita kwa jina la dada yake. Mwingine alisema alimshonea suruali mguu mmoja mfupi. Suruali ile ilikuwa ya miaka kumi iliyopita, na yule bwana kweli ana mguu mmoja mfupi, lakini nani alijali. Fulton akaamua kwamba Jumapili anakuja kumchukua mama yake akaishi naye ghorofa ya nne, mahali ambapo mtu atakuwepo wa kumwangalia.

Nilisikia haya yote nikiwa nakula. Nilimaliza chakula. Nilifanya hesabu za sehemu nikapata zote. Nilijaribu kuhuzunika, kama mtu anavyobonyeza fizi kwa ulimi, sikupata kitu. Nilikuwa kama ile sanamu yetu, maranda matupu ndani ya nguo nzuri.

Ijumaa, Mzee Eulogio alinifuata shuleni. Alisema anamhitaji mjukuu wake kwa ukaguzi wa mwisho wa nyumba ya Bi Zoila. "Kwenye filamu wewe ndiye unayeona vitu," aliniambia. "Mimi ni wa kujikwaa tu."

Bi Zoila alitufungulia. Nyumba ilikuwa imejaa karatasi. Alikuwa amezibandika kila mahali kwa pini zake za ushonaji. Juu ya jiko: *Nimezima.* Juu ya mlango: *Ufunguo uko kwenye msumari.* Kwenye cherehani: *Gauni la Narcisa, mikono mirefu.* Masanduku mawili yalikuwa yamefungwa tayari karibu na ukuta. Mzee Eulogio hakutoa kioo chake. Alisimama akisoma, kofia mkononi.

Bi Zoila alitabasamu kwa aibu, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Alisema zinamsaidia kukumbuka.

Nikaenda kwenye kabati, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoletewa. Ndani ya mlango wake kulikuwa na karatasi moja kubwa kuliko zote, mwandiko umekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka: *KOTI. Betsaida alilileta Jumamosi. Nikalipokea. Nikaliweka wapi? Kumbuka, Zoila.*

Niliisoma mara mbili. Uongo wangu ulikuwa umeandikwa pale kwa mkono wake, kama jambo lililotokea, na neno "nikalipokea" alikuwa amelitafuta mwenyewe, akaliongeza. Hapo ndipo ganzi ilipoanza kutoka. Ukiwahi kung'olewa jino unajua: huwa haitoki kwa upole.

"Bibi," nilisema, "hukulipokea."

"Nini, mwanangu?"

"Koti. Sikulileta. Nililivalisha sanamu yetu. Nililigeuza nje ndani."

Mzee Eulogio alikaa juu ya sanduku moja bila kukaribishwa. Bi Zoila alishika ukingo wa kabati.

"Yule mwimbaji mnene?"

"Ndiye."

"Nilimpigia makofi," akasema.

Nililia, kwa sauti mbaya, kama yule punda. Hakunibembeleza. Alingoja nimalize, akanipa kipande cha kitambaa nipangusie pua, akaketi mbele yangu.

"Sikiliza," alisema. "Koti ningelililia siku moja. Lilikuwa la mume wangu, lakini ni nguo, na nguo huisha, mimi fundi nalijua hilo. Uongo wako ndio ulionitesa. Niliuamini kwa sababu nakuamini. Nikautafutia nafasi kichwani, na kila nilipousukuma uingie, kitu cha kweli kilitoka. Siku sita nimeogopa akili yangu mwenyewe. Umenielewa?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi kesho utapita kila nyumba uwaeleze watu ukweli. Kila nyumba. Na Fulton utamweleza wewe."

Jumamosi nilipita nyumba arobaini na moja. Kwa Yandri nilisimama muda mrefu kuliko kwingine. Nilitegemea atanicheka, lakini alisema tu kwamba hata yeye angelichukua, halafu akatazama miguu yake. Mama alinisindikiza mpaka nyumba ya tano, akasema zinazobaki ni zangu.

Jumapili Fulton alifika na gari la mizigo. Nilimwambia barabarani, kabla hajazima injini. Akaizima. Kisha akaingia ndani, akamkuta mama yake akibandua karatasi na kurudisha pini kwenye kopo moja baada ya nyingine. Alimuuliza kama yuko sawa. Bi Zoila alimjibu kwamba yuko sawa, isipokuwa amechoka kuulizwa, na kama amekuja na gari tupu basi arudi na ndizi. Alirudi nazo, mikungu sita.

Kipande cha mwisho tulikirudia wiki ile, bila koti. Agapito alitaka kughairi. Mzee Eulogio akaenda kwake, akarudi na kile kitambaa cheupe anachowafunga wateja shingoni, akakikung'uta nywele na kumvika Bi Zoila mabegani. "Unatetemeka," akasema. Safari hii mikono iliyotetemeka ilikuwa yake. Neno lililofuata lilisikika mpaka sokoni, na jibu la Bi Zoila halikuwa kwenye hadithi ya Agapito.

Siku ya kuonyesha filamu ukumbini shuleni, nilikaa karibu na Bi Zoila. Watu walicheka nilipogundua mwizi wa mikate. Bi Zoila akanipa karatasi iliyokunjwa, ile kubwa ya kabatini. Alikuwa amefuta yote kwa mistari na kuandika chini yake: *Ukiharibu kitu changu, niletee majivu yake. Nitakasirika, kisha nitakupa chai.*