Kitulizi Kisichojua Moshi

Jumanne, tarehe 9 Aprili 2069, saa nne na dakika kumi asubuhi, mvua ya masika ikiyachapa mapaa ya Tanga, watu waliokuwa watumwa wa unga wa kulevya walikaa kwenye mabenchi ya kituo cha tiba, watulivu kama maji ya mtungini. Hakuna aliyetetemeka; hakuna aliyejikuna. Chini ya ngozi ya mkono wa kila mmoja kulikuwa na kitulizi, kidude kisichozidi kokwa ya tende, kilichopima jasho na mapigo ya moyo. Kilipohisi arosto, yale mateso ya kukosa unga, inanyemelea, kilidondosha dawa isiyodumu mwilini ila dakika chache, kabla mgonjwa hajaijua. Vyote viliongozwa na mtambo wa ukutani ulioitwa Mnyapara.

Aliyevibuni ni Dk. Tunu Shekilindi. Zamani mgonjwa alikunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, mbele ya muuguzi, kisha akatakiwa aseme neno, ijulikane amemeza. Tunu aliiona desturi hiyo kuwa udhalilishaji, akaifuta. Leo wakaguzi wa ubora walikuwa njiani kuja kumtunuku.

Kombo Makungu alimsubiri mlangoni. Wenzake walipokikimbia kitulizi, yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza, kwa ahadi moja tu: siku atakayotaka kitolewe, kitolewe bila swali.

"Shikamoo, kaka Kombo."

"Marahaba, Daktari. Nimekuja kudai changu."

"Leo, kaka? Wageni wanaingia sasa hivi. Nivumilie hadi wiki ijayo."

"Jana mwanangu alitumbukia kisimani. Nilisimama nikamtazama, kama mtu anayesoma tangazo. Jirani ndiye aliyeruka akamtoa." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Sikuogopa, Daktari. Hata sasa siogopi."

Radi ikapasua juu ya paa, taa zikafifia, na moshi mweusi ukaanza kupenya chini ya mlango wa chumba cha betri.

"Nani kaunguza maharage?" akauliza mzee mmoja benchini.

"Mkeo huyo, kakufuata na sufuria!"

Wakacheka. Hakuna aliyeinuka.

"Moto! Tokeni nje!" Tunu akapiga kelele.

"Tumesikia, Daktari," akajibu mama mmoja kwa adabu, akijifunga kanga yake vizuri.

Hapo Tunu akaelewa. Miili yao ilikuwa imeuona moto. Mioyo ilikuwa inakwenda mbio, jasho linawatoka. Lakini vitulizi vilidhani ni arosto, na kadiri moshi ulivyozidi, ndivyo vilivyozidi kudondosha dawa. Tangu alipolifuta lile neno moja la kila asubuhi, hakuna aliyewasikiliza watu hawa. Mtambo ulisikiliza mapigo tu, na mapigo hayasemi sababu. Mzee wa maharage aliinamisha kichwa kifuani. Pumzi yake ilikuja, ikakawia, ikaja tena kwa shida. Matone machache zaidi, na kifua kingesahau kazi yake.

Tunu akaukimbilia mtambo ukutani. Katika nyumba ile nzima yeye peke yake ndiye aliyeogopa, na woga ule ndio uliompa miguu.

"Mnyapara! Zima vitulizi vyote!"

"Amri hii itashusha alama za ubora wa kituo hadi sifuri," ukajibu mtambo kwa upole. "Unathibitisha?"

"Nathibitisha!"

Vitulizi vikaacha kudondosha, na dawa ikaanza kuisha miilini. Kisha yule mama akapiga yowe. Mabenchi yakapinduka, watu wakakanyagana mlangoni, wakimburuta mzee hadi mvuani, naye akakohoa, akavuta pumzi.

Ng'ambo ya barabara, wakaguzi wakikodoa macho ndani ya gari lao, Tunu alimketisha Kombo barazani, akatoa kisu chake cha upasuaji.

"Usiku mifupa itakuuma, kaka. Sitakudanganya. Utarudi kwenye kikombe cha methadoni."

"Toa."

Akapasua, akakiondoa kitulizi chenye damu, akakiweka kiganjani mwa mwenyewe. Mkono ule ulianza kutetemeka, kisha mabega, kisha mwili mzima.

"Mwanangu," Kombo akasema, machozi yakimtoka. "Daktari, mwanangu angekufa!"

"Ndiyo, kaka. Na mimi nilikuambia uvumilie."

Kombo alikitupa kitulizi mtaroni.

"Deni umelipa," akasema, meno yakigongana. "Niache nikamtazame mtoto."